Meno ya Tausi

Bi Mwanaidi alifika kliniki siku chache baada ya kumzika bintiye, Tausi. Tuzo, fundi aliyekuwa akimsanifia marehemu vifuniko angavu vya kunyoosha meno kwenye kompyuta, alimpa pole.

“Nionyeshe angekuwaje,” mama alisema.

Tuzo akaichezesha picha ya kinywa cha Tausi. Meno yaliyopandana yakasogea polepole mpaka yakapangika sawasawa. Alidhani mama angefarijika.

“Huyo simjui. Nirudishie Tausi wangu.”

Tuzo akairudisha picha mwanzo. Bi Mwanaidi akasogeza kiti, akaweka kidole kwenye kioo cha kompyuta, juu ya chonge lililochomoza, akaanza kulipangusa taratibu kama anayemfuta mtoto uji mdomoni.