Kitaa cha Mita

"Mungu wangu, bado kinapepesa! Jamani njooni muone!"

Aikande alikuwa amezima kila kitu cha wapangaji kwenye nyumba ile ya Pasua, hadi chaja za simu. Lakini kitaa chekundu cha mita yao kilipepesa mbiombio, umeme unaliwa.

Wiki nzima baba mwenye nyumba alikuwa akimsema uani: "Huyu msomi na kompyuta yake ndiye anawamalizia umeme. Jumamosi ahame!"

Jumamosi ndiyo leo.

Akaufuata kwa kidole waya uliotoka kwenye mita. Ukapita nyuma ya kalenda ya usharika pale koridoni, ukapenya ukuta, ukaingia kwa baba mwenye nyumba mwenyewe, ambaye ana mita yake. Friza lake lilikuwa likinguruma, limejaa nyama ya kipaimara cha mwanawe.

Angeweza kumwita pembeni. Thubutu! Si alimwaibisha mbele za watu?

Wapangaji walipojaa koridoni, Aikande akashusha swichi kuu ya mita yao taratibu, kwa raha zake.

Ngurumo ikakatika.

"Nani kazima friza langu?" sauti ikafoka ndani.

Wapangaji wakatazamana. Aikande akampigia simu mama yake kijijini Masama.

"Shikamoo mama, sihami ng'o! Mengine nitakusimulia kesho, sasa hivi anafungua mlango na wote tunamsubiri."