Msiro Mbichi

Jirani anaapa kamwona yule mvuvi kisiwani Rongui, mzima wa afya, anaanika samaki huku anapiga mluzi. Na matanga yake yalishapita!

Zuleica, mwanamke wa kwanza wa Olumbi kusoma habari redioni, ndiye aliyekitangaza kifo kile, kwa maneno ya kusikia.

Leo mke wa mvuvi kaiacha eda. Kaingia studio kama atembeaye ndotoni, uso mweupe kwa msiro mbichi, rojo la mti wa urembo, harufu yake tamu ikajaa chumba.

“Mfiwa hajipambi, dada,” Zuleica akanong’ona.

“Mfiwa nani? Kinywa chako kilimzika bila maiti.”

“Na leo nina neno la jirani tu.”

Tone la msiro likadondoka juu ya mikrofoni. Taa nyekundu ya matangazo ikawaka.

“Sema yu hai, mdogo wangu.”