Kipanya cha Ofisi ya Soko

"Pole na msiba, baba. Sasa tumfute mama," karani alisema, macho kwenye kompyuta.

Mzee Chande aliinamia dirisha la ofisi ya soko. "Umfute? Futa vumbi hapo mezani. Mke wangu hafutwi."

"Jina tu, baba. Mfumo hautaki marehemu. Nikishamfuta, kizimba chake cha vitumbua kinakuwa wazi."

"Kikiwa wazi anaingia shemeji wa mwenyekiti wa soko. Unadhani sijui? Niandike mimi. Vitumbua najua kuchoma."

"Siwezi kukuhifadhi wewe mpaka bosi aruhusu."

"Kunihifadhi! Wanaohifadhiwa ni maiti, binti. Mimi bado napumua."

Foleni nzima ikaangua kicheko. "Wape, baba!" mwanamke mwenye tenga la nyanya alidakia. "Hao wakubwa wamezoea kutuzika mapema!"

Karani hakuwa mtu mbaya, katumwa tu. Alishika kipanya, kile kisicho na waya. "Baba, nikibonyeza hapa basi, imekwisha."

"Yaani Mwanahawa wangu, moshi wote ule ulimshindwa, leo aje aliwe na panya?"

Akapitisha mkono dirishani, akakikwapua kipanya, akaenda kuketi nacho kwenye benchi.

"Baba, kirudishe! Na usikibonyeze!"

"Mwite huyo bosi. Mimi sitoki hapa."

Mlango wa ndani ukafunguka. Mzee Chande akakikumbatia kipanya kifuani kwa mikono miwili. Kwenye kioo cha kompyuta, kishale kikawa kinatetemeka juu ya jina la Mwanahawa.