Kitufe cha Malalamiko

Asubuhi ile mtengeneza tovuti alipewa kazi ndogo tu: kubadilisha rangi ya kitufe cha "Tuma malalamiko" kwenye tovuti ya hospitali. Alipofungua msimbo wa kitufe hicho, yaani maagizo yanayokiendesha, akausoma mara mbili. Kitufe kilikuwa hakitumi chochote. Mgonjwa akikibonyeza, maneno yake yanafutwa, kisha yanatokea maandishi: "Asante, tunayashughulikia."

Mwaka jana shangazi yake aliandika humo kuhusu dawa aliyopewa kimakosa, akangoja jibu mpaka anakata roho.

"Bosi, hiki kitufe ni danganya toto."

Bosi akaja akitafuna kuku, akagusa kioo cha kompyuta. Kidole kikaacha alama ya mafuta juu ya neno "Asante."

"Hospitali wenyewe ndivyo walivyotaka, dada. Wewe weka kijani, watu watulie."

Alisubiri bosi arudi kwenye kiti chake. Kitufe akakiweka kijani, kama alivyoagizwa. Kisha akaongeza mistari minne ya msimbo, na ndani yake anwani ya barua pepe ya mkurugenzi wa hospitali mwenyewe, ili kila lalamiko limfikie. Akahifadhi.

Kabla ya saa sita, simu ya bosi ilianza kuita.