Kipande Kilichobaki

Katikati ya daraja la kamba, juu ya vilele vya miti, upepo ulipeperusha kofia ya mgeni wao, na Araba akakiona kilemba kilichokuwa chini yake.

Kilikuwa cha kitambaa chao, cha kijani chenye matunda ya kakao ya njano. Kila likizo, kwa miaka tisa, Araba na shoga yake walishona sare, wao wawili tu. Safari hii shoga yake alimleta mgeni huyu, mwenzake wa kazini, na kuhusu kipande kilichobaki alisema, "Fundi kakiunguza kwa pasi."

Hakikuwa na alama ya moto hata chembe.

Daraja likayumba. Mgeni akaganda, macho kayafumba. "Dada Araba, nishike! Miguu imekufa."

"Mpe mkono, wewe!" shoga yake alipaza sauti kutoka ng'ambo, huku akicheka. "Kimwana wa Akra huyo, msitu kauona leo!"

Kimwana wa Akra. Jina hilo la utani lilikuwa la Araba.

Mgeni akanyoosha mkono mbele yake, umelowa jasho. Araba akaachia kamba, akaunyoosha wake taratibu, akaupitisha hadi kisogoni kwa mgeni, akaanza kulegeza fundo la kilemba.