Kitufe cha Kufuta Jua

Muuguzi alitoka zamu miguu ikimwaka moto. Alikuwa ameshinda akiwageuza na kuwaosha wagonjwa wa watu, kumbe nyumbani mwanawe mwenyewe amelala sakafuni, kamasi limemkaukia shavuni, nepi imelowa chapachapa.

Mumewe alikuwa mbele ya kompyuta. Hakugeuka.

"Mama watoto, njoo uone pete za Zohali. Programu hii inakupeleka sayari yoyote unayotaka."

"Mtoto amekula?"

"Alilialia hapo, akanyamaza mwenyewe."

Damu ilimchemka. Alimpokonya kipanya, akarudi kwenye picha ya sayari zote, akalibofya jua lililokuwa katikati, na orodha ya vitufe ikafunguka. Akabonyeza "Futa".

Katikati ya skrini pakabaki giza. Sayari hazikulipuka wala kugongana. Ziliacha tu kuzunguka, kila moja ikashika njia yake moja kwa moja na kutokomea.

"Umefanya nini wewe? Jua ndilo linalozishika zote!"

"Kumbe hilo unalielewa."

Alimwinua mtoto, nepi ikimchuruzikia mkononi, akachukua mkoba ambao hata hakuwa ameutua vizuri.

Mumewe alikuwa bado anatafuta kitufe cha kulirudisha aliposikia mlango ukifungwa.