Soda Nusu ya Nafula

Kalamu ilikuwa tayari mkononi Nafula alipogundua kwamba sehemu ya juu ya karatasi ilikuwa imekunjwa nyuma.

"Ni mahudhurio tu, mama," afisa wa jiji alisema. "Weka sahihi, chukua mkate."

Soda waliyogawiwa mlangoni alikuwa ameshakunywa nusu. Aliikunjua karatasi kwa kidole kilicholowa, akausomea ukumbi mzima kwa sauti iliyoshinda honi za Jogoo Road: "Sisi wakazi tumekubali ofisi ya mkaguzi wa miradi ya jiji ifungwe, kwa sababu bajeti imepungua."

"Pesa hakuna, mama. Lazima tukate mahali."

"Mkaguzi ndiye alifungua ule mfereji wa maji mliosema mmetengeneza, ukatoa buibui. Nyinyi mlikuwa mmeshapiga picha mkaenda. Kama pesa ni kidogo, si ndiyo zichungwe zaidi?"

"Basi rudisha soda."

Nafula aliitua chupa mezani mbele ya afisa, nusu hivyo hivyo, povu likapanda.

Nyuma yake viti vya plastiki vikaanza kukwaruza sakafu. Chupa ya pili ikatua mezani. Ya tatu ilikuwa tupu.

"Mimi nimemaliza," mwenye chupa hiyo alisema, "lakini sahihi yangu hupati."